Mgeni Asiyepita Barazani

Kwetu Majengo, Mombasa, mgeni hakukaa siku mbili kabla ya wazee wa barazani kujua kafikia kwa nani na kaja kufanya nini. Aliyetaka kumpotosha kijana ajiunge na wapiganaji alilazimika kumfuata ana kwa ana, na macho ya mtaa yalikuwa yakimtazama. Wapotoshaji walikuwepo hata wakati huo, na wapo wazazi hapa ambao hadi leo hawajui watoto wao walizikwa wapi huko Somalia. Lakini angalau mtaa uliweza kushuku.

Siku hizi mgeni huyo haonekani. Mpwa wangu wa miaka 16 alinionyesha video aliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa mpira. Ndani yake hamkuwa na bunduki hata moja. Mlikuwa na watoto waliofukiwa na kifusi, sauti tamu ya msomaji, na Kiswahili safi kushinda cha watangazaji wengi. Kilichonitisha ni hicho Kiswahili. Yeyote aliyeitengeneza alimlenga mtoto kama huyu wetu. Mwishoni paliwekwa kiungo cha Telegram, na nadhani hiyo ndiyo kazi ya video nzima: kumtoa mtoto penye watu wengi, kumpeleka chumba ambacho hamna wa kumpinga.

Al-Shabaab, kundi la wapiganaji wa Somalia, waliing'amua nguvu hii mapema. Walifungua akaunti ya Twitter Desemba 2011, miezi michache tu baada ya wanajeshi wetu wa Kenya kuingia Somalia. Septemba 2013, watu wakiwa bado wamenaswa ndani ya jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi walilolishambulia, wao walikuwa wakijigamba huko mtandaoni. Akaunti ilipofungwa, walifungua nyingine. Watu 67 waliuawa Westgate.

Na asiseme mtu kwamba haya ni ya Waislamu peke yao. Machi 2019 mzungu aliyewachukia Waislamu aliua watu 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, akijirekodi na kurusha video moja kwa moja kwenye Facebook. Kampuni yenyewe ilisema iliondoa nakala milioni 1.5 za video hiyo katika saa 24 za mwanzo. Mitandao hii hupata pesa kadiri tunavyozidi kuitazama, na hasira hutugandisha kwenye simu. Ukiitazama video moja ya uchungu hadi mwisho, huenda ukaletewa nyingine, kali zaidi. Siwezi kuiita bahati mbaya.

Lakini serikali nayo isijitoe. Februari 2014 polisi walipovamia Masjid Musa, msikiti wa hapa Majengo, picha za askari ndani ya msikiti zilizunguka haraka kuliko maelezo yoyote. Kila kijana anayechukuliwa usiku na asirudi ni video ambayo wale watu hawahitaji kuitunga. Wanairekodi tu, wanaiwekea sauti. Huwezi kufunga akaunti elfu moja huku ukiwapa cha kurusha kila mwezi.

Sikumnyang'anya mpwa wangu simu. Angetafuta nyingine kesho yake. Tuliitazama tena ile video pamoja, nikiisimamisha kila mahali.

"Mjomba, hawa watoto ni wa kweli?"

"Ni wa kweli, mwanangu. Aliyekutumia ndiye usiyemjua."

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa nini hakuna aliyekuwa akiwazungumzia watoto hao isipokuwa watu wale. Tukakaa mpaka ikaadhiniwa isha. Tangu hapo huja kwangu kila Ijumaa, na maswali yake hayajaisha.