Nani akae darasani: mwigizaji au mwongozaji?

Ukitaka kumsifia mwigizaji wa Dar es Salaam, sema anajua kulia. Kamera inasogea usoni, machozi yanashuka, na chini ya video watu wanaandika kwamba dada huyu ni hatari. Machozi yale yalikuwa yanamjibu nani? Mara nyingi hakuna mtu. Mwenzake aliyetamka neno lile la kuumiza ameshamaliza sehemu yake mapema na sasa yuko njiani kwenda lokesheni nyingine. Dada analilia ukuta, au analilia kijana wa kushika taa anayemsomea maneno kwa sauti ya mtu anayesoma risiti.

Nalianzia hapo suala la kama waigizaji walio kazini, wale tunaowaona kila wiki kwenye tamthilia za chaneli za televisheni za Maisha Magic Bongo na Azam, wanahitaji kurudi darasani kujifunza kile kinachoitwa uigizaji wa kweli. Wapo wanaosema wanahitaji sana, na kwamba bila hivyo tutabaki tunapigiana kelele. Wapo wanaosema huo ni mtindo wa wageni, na aliyekula chumvi ya kazi hii hana cha kufundishwa. Mimi nadhani kila upande una hoja, na pande zote mbili zinamtazama mtu asiyehusika sana.

Kwanza, ni mafunzo gani haya? Chanzo chake ni Konstantin Stanislavski, Mrusi aliyeshiriki kuanzisha Moscow Art Theatre mwaka 1898. Mwanzoni alimtaka mwigizaji achimbe kumbukumbu zake mwenyewe ili apate hisia. Baadaye akaegemea zaidi vitendo, yaani mhusika anataka nini na anafanya nini ili akipate. Wamarekani wa Group Theatre, kundi lililoanza New York mwaka 1931, waligombania urithi huo. Lee Strasberg akashikilia kumbukumbu. Stella Adler alikutana na Stanislavski mjini Paris mwaka 1934, akarudi na habari kwamba mzee mwenyewe ameshahama huko. Sanford Meisner, aliyeanza kufundisha Neighborhood Playhouse, shule ya uigizaji ya New York, mwaka 1935, akachukua njia ya tatu: acha kujitazama, mtazame mwenzako. Kwake kuigiza ni kuishi kwa ukweli ndani ya mazingira ya kubuni.

Zoezi lake maarufu linachekesha ukiliona mara ya kwanza. Watu wawili wanakaa wakitazamana. Mmoja anataja anachokiona: "Umevaa shati la bluu." Mwenzake anarudia: "Nimevaa shati la bluu." Wanarudia, wanarudia, mpaka kitu fulani kibadilike usoni. "Umekasirika." "Nimekasirika?" "Umekasirika!" Hakuna anayetunga chochote, na kwa sababu hiyo sauti zinaanza kubadilika zenyewe. Meisner alitaka pia maneno ya mchezo yakaririwe makavu, bila kupangiwa mdundo, ili mdundo uletwe na mtu aliye mbele yako siku ya kazi.

Sasa wapinzani, na niwape haki yao. Hoja yao nzito ni kwamba sisi tuna shule yetu. Steven Kanumba, Ray na Johari walipita Kaole Sanaa Group, kikundi cha maigizo ya televisheni, kabla ya kuwa majina ya filamu. Walijifunza kwa kufanya, wakionekana kwenye televisheni huku bado wanajifunza. Filamu nyingi za enzi za DVD hazikuwa na skripti kamili. Mwongozaji anaeleza sini, yaani onyesho moja: huyu mume amefumania, huyu mke anakana, haya, kamera. Maneno yanatoka hapo hapo. Mtu aliyelelewa hivyo ukimwambia akalipie ada ili afundishwe kujibu papo kwa papo, ana haki ya kucheka.

Wanaongeza kwamba ukubwa wa uigizaji wetu una sababu zake. Vikundi vya sanaa kama Muungano na TOT (Tanzania One Theatre) viliweka ngoma, taarabu, sarakasi na maigizo ndani ya usiku mmoja, kwenye viwanja vya baa, mbele ya watu waliokuwa wakila, wakinywa na kuitana. Mwigizaji wa hapo asingeweza kunong'ona. Alilazimika kumfikia mtu wa meza ya mwisho, na watu wa meza ya mwisho ndio waliokuja kununua kanda na baadaye DVD. Kuuita mtindo huo uongo ni kutojua ulikotoka.

Halafu kuna mkate. Mwigizaji wa kawaida hapa analipwa kwa siku au kwa kipande. Siku ya darasani ni siku isiyo na hela, na simu ya kazi haikusubiri. Kwenda TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, au kurudi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kusoma sanaa za maonyesho, ni jambo zuri kwa kijana anayeanza. Kwa mama wa watoto watatu aliye kwenye tamthilia ya mfululizo, halipo.

Hoja yao ya mwisho naikubali bila masharti: njia ya kuchimba kumbukumbu za maumivu ni hatari mikononi mwa mtu anayepita. Mwalimu anakuja kwa semina ya wiki moja, anamwambia binti akumbuke siku aliyofiwa na mama yake, binti analia kweli, watu wanapiga makofi, mwalimu anapanda ndege. Binti anarudi Mbagala na kidonda kilichofunguliwa na hana wa kumwuliza afanye nini. Kama mafunzo ya juu maana yake ni hayo, basi yabaki huko huko.

Hata hivyo hoja ya shule yetu ina tundu, na tundu lenyewe linaonekana kwenye kioo cha televisheni. Tazama sini yoyote ya kubuni maneno, ya zamani au ya juzi. "Nimeamua kuondoka." "Kwa hiyo unataka kuniambia kwamba umeamua kuondoka?" "Ndiyo, nimeamua kuondoka." Zoezi la kurudia tunalo tayari, ila tunalitumia kununua muda. Mwigizaji anarudia maneno ya mwenzake huku kichwani anatafuta sentensi yake inayofuata. Ubunifu wa papo kwa papo usio na usikivu unazaa watu wawili wanaohutubia kwa zamu. Kwenye uwanja wa baa haikuonekana. Leo mtazamaji ameshika simu, uso umejaa skrini nzima kwenye kiganja chake, na macho yasiyosikiliza yanaonekana kabla mdomo haujafunguka.

Atakayesema usikivu ni kitu cha kigeni nitamtaja mchekeshaji King Majuto, Amri Athumani wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018. Mtazame wakati anayezungumza si yeye. Kicheko kiko pale, kwenye namna neno la mwenzake lilivyomwingia, likamkaa, likamuudhi. Alikuwa mkubwa wa sauti na wa mwili na bado alikuwa anasikiliza. Ukubwa na ukweli havikugombana kwake hata kidogo, na nadhani wanaotetea mafunzo wangefanya vyema kumtumia yeye kama somo la kwanza badala ya Wamarekani.

Kuna kikwazo ambacho mwalimu mgeni hawezi kukiona. Zoezi la Meisner linadai umwambie mtu usoni kile unachokiona. Mweke binti wa miaka 22 mbele ya mzee wa sanaa anayemwamkia shikamoo kila asubuhi. Atamwambia umechoka? Atamwambia unanidharau? Hatathubutu. Watasifiana mashati mpaka muda uishe. Heshima hiyo haifai kuvunjwa kwa sababu ya zoezi, na anayejaribu kuivunja kwa nguvu atapoteza darasa zima. Lakini tuna mlango wetu wenyewe: utani. Mzaramo na Msukuma wanaweza kuambiana lolote. Mtani ana ruhusa ya kuchokoza hata msibani. Bibi na mjukuu wana utani wao. Mwalimu wa hapa angeanza na watani, ukweli ukishazoeleka ndipo ahamie kwa wale wanaoheshimiana. Ndiyo maana sioni faida kubwa ya kumleta mgeni kwa wiki moja. Bora mtu wa hapa, kwa Kiswahili, jioni mbili kwa juma, miezi kadhaa, na watu wale wale wanaofanya kazi pamoja.

Niseme pia jambo ambalo pande zote zinalipita haraka. Wapo waongozaji wanaolitumia neno ukweli vibaya: mzabe kibao cha kweli, ili aumie kweli. Hilo ni uvivu, na ni kumwumiza mfanyakazi. Mbinu yote ya Meisner imejengwa juu ya mazingira ya kubuni. Kibao kinabuniwa, anayekipokea ndiye anayeachiwa nafasi ya kujibu. Binti akizabwa kweli hajajifunza kuigiza. Amejifunza kumwogopa mwongozaji.

Na hapo ndipo ninapomfikia mtu ambaye mjadala unamruka. Tuchukue kwamba mwigizaji amelipa, amekaa jioni hizo, amejifunza kusikiliza. Jumatatu anafika lokesheni, nyumba ya kukodi Mbezi au Kigamboni. Skripti anaipata akiwa kwenye kiti cha vipodozi. Mazoezi hakuna. Kamera ni moja, kwa hiyo sini inapigwa upande wa mwenzake kwanza, kisha mwenzake anaruhusiwa kuondoka ili awahi kazi nyingine. Jenereta la jirani linanguruma, bodaboda zinapita, na mwongozaji ana sini nyingi za kumaliza kabla mwanga haujapotea. Mwigizaji wetu aliyefundishwa kumtazama mwenzake hana mwenzake wa kumtazama. Atafanya nini? Atalia, kwa sababu kulia anajua, na kulia hakuhitaji mtu wa pili.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, waigizaji walio kazini wafundishwe, kwa sharti moja: mwongozaji na meneja wa uzalishaji wakae darasani humo humo, na wao wafanye zoezi. Mwongozaji akishakaa kwenye kile kiti na kuambiwa "unatazama saa yako" mara thelathini, ataelewa kinachopotea anapomruhusu mwigizaji wa upande wa pili aondoke. Bila yeye, mafunzo yanatengeneza mwigizaji mwenye kinyongo, anayejua kinachokosekana na hana mamlaka ya kukidai.

Gharama zake zipo, na wazalishaji wana haki ya kuziuliza. Kumbakiza mwigizaji nyuma ya kamera ili mwenzake apate wa kumjibu maana yake ni kumlipa muda huo na kumlisha mchana. Kutuma skripti siku mbili kabla kunamtaka mwandishi amalize mapema, naye alipwe mapema. Nusu saa ya mazoezi asubuhi inaondoa sini moja kwenye ratiba ya siku. Bajeti ya kipindi cha kila siku haiwezi kubeba yote hayo kwa kila sini, na sitegemei ifanye hivyo. Inaweza kubeba sini mbili kwa wiki, zile ambazo hadithi inazitegemea: ya kufumaniwa, ya kuachana, ya mtoto kumkana baba. Nyingine zipigwe tulivyozoea.