Mpeni Edey mpira! Sawa, ila nani atampa, na atampa wapi?

Kila Machi basketi ya vyuo Marekani ikipamba moto kelele huwa ni ileile: mna jitu la mita mbili na ushee pale chini ya ringi, mpeni mpira, mnahangaika na nini? Mimi nipo zaidi upande huo, ila mjadala wenyewe unaendeshwa kirahisi mno, na Zach Edey, senta wa chuo cha Purdue, ndo mtu wa kuupimia, maana kwa misimu miwili mfululizo katoa ushahidi kwa kambi zote mbili, ya "mpeni mpira" na ile inayosema senta wa kulishwa chini ya ringi kapitwa na wakati.

Anza na Machi 2023. Purdue wameingia mashindano ya taifa ya vyuo kama namba 1, yaani kundi la wanaopewa nafasi kubwa, wakapangiwa chuo cha Fairleigh Dickinson (FDU), namba 16, yaani kundi la chini kabisa, timu fupi kuliko zote Division I, daraja la juu la vyuo. Edey ana mita 2.24. Hapo wengi walishaifunga hesabu. Matokeo 63-58, Purdue nje, mara ya pili tu kwa upande wa wanaume namba 16 kumtoa namba 1 baada ya chuo cha UMBC kumfanyia Virginia hivyo hivyo 2018. Edey kamaliza na pointi 21 na ribaundi 15, lakini kilichochoma watu ni kwamba dakika tisa za mwisho hakupiga hata shuti moja. Dakika tisa, na wanaomkaba wanamfika kifuani! Kambi ya "mpeni mpira" ikasema si mnaona sasa.

Ila irudie ile mechi uitazame taratibu. FDU wanamwekea mtu mbele na mwingine nyuma, pasi ya chini inakatwa, pasi ya juu inamkuta yule wa nyuma keshasogea, na sheria za vyuo zinaruhusu kabisa, kule hakuna ile ya NBA ya kumzuia mlinzi asigande chini ya ringi zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu, kwa hiyo mtu anaweza kuhamia pale na godoro lake. Dawa yake ni kupiga tatu, yale mashuti ya mbali ya pointi tatu, mpaka wakome kumrundikia watu. Purdue walipiga 26 zikaingia 5. Sasa kwa namba hiyo nani amwachie Edey? Na wanaotakiwa kumlisha, magadi (wale wapandisha mpira na wapigaji wa nje) Braden Smith na Fletcher Loyer, walikuwa mwaka wa kwanza chuoni, wanabanwa tangu upande wao wa uwanja.

Halafu ile pasi yenyewe ya kumwingizia senta hatuipi heshima yake. Ukisimama katikati juu, huna njia, lazima mpira uende pembeni kwanza. Senta naye anatakiwa awe keshamweka beki mgongoni, kiuno chini, mkono wa mbali umenyooshwa kuonyesha anautaka wapi, na hiyo nafasi inadumu sekunde moja au mbili hivi, kwanza mwenyewe naye anahesabiwa sekunde tatu zake za kukaa chini ya ringi. Gadi akisita kidogo tu, beki kashamsukuma hatua mbili nje, sasa anaupokea mahali ambapo lazima adundishe, na jitu la urefu ule likidundisha vile vigadi vifupi vinakuja kuchokonoa mpira chini kule asikofika haraka. Muda wa kupiga shuti ni sekunde 30, kumi zimeishia kwenye kuvuka presi, kule kubanwa tangu upande wenu. Unaona? Shabiki anaona gadi mchoyo, kumbe dirisha lilishafungwa.

Upande wa pili sasa. 2024 kina Smith wamekomaa, kocha Matt Painter kamleta Lance Jones kutoka Southern Illinois asaidie kupandisha mpira na kupiga, timu nzima inaingiza tatu kwa asilimia kama 40. Ghafla Edey analishwa anavyotaka. Dhidi ya Tennessee kafunga 40 na ribaundi 16, 72-66, Purdue wakafika Final Four (timu nne za mwisho) yao ya kwanza tangu 1980. Fainali wakakutana na UConn, chuo cha Connecticut, na hapo kocha wao Dan Hurley akafanya kitu cha ajabu kidogo, akamwacha senta wake Donovan Clingan amkabe Edey karibu peke yake, wengine wote wakabaki na watu wao kwenye mstari wa tatu. Edey 37. Wenzake wote kwa jumla 23. Purdue wamepiga tatu saba tu mechi nzima, imeingia moja, wakafa 75-60.

Kwa hiyo alipewa mpira, akafunga, wakapoteza kwa 15. Wapo wanaosema hiyo inathibitisha kwamba senta ni mchezo wa kizamani. Mi siendi huko, bila zile 37 ingekuwa aibu. Ninachoona ni kwamba UConn walimpa Edey alichokuwa anakitaka ili Purdue wakose walichokuwa wanakihitaji, na mpira ukikaa kwake sekunde nne tano akisukumana, wapigaji wanasimama tu kumwangalia.

Wabongo tuna Hasheem Thabeet hapa, senta Mtanzania wa UConn hiyohiyo, msimu wa 2008-09 pointi 13.6, ribaundi 10.8, bloku 4.2 kwa mechi. Alitawala kweli, lakini kwa ulinzi, pointi zake nyingi zilikuja kwa pasi za juu na kuokota mipira iliyokosa. Ukimrundikia mpira akiwa ameipa ringi mgongo unajitafutia tabu. DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwake kwa kama sentimita 20, Februari 2009 alimtupa chini begani kama mcheza judo na kuondoka na pointi 22, ribaundi 23. Memphis Grizzlies wa NBA wakamchukua Thabeet namba 2 kwenye drafti (uchaguzi wa wachezaji wapya) mwaka huohuo, na miaka 15 baadaye haohao wakamchukua Edey namba 9.

Kama ningekuwa Painter usiku ule wa fainali na UConn bado ningempa Edey, ila mapema, sekunde kumi za kwanza kabla Clingan hajajipanga, na asipopata ndani ya hatua mbili za ringi autoe nje upya. Na Loyer asingekaa hivyohivyo kona, ningemkimbiza kwenye skrini, wenzake wakisimama kumzibia njia mkabaji, mpaka mtu wake achoke.