Ulifika Pwani, Kisiwani Hukukanyaga

Jirani yangu hapa Umoja alirudi Januari ngozi imeiva kwa jua, na kila tukikutana kwenye ngazi ni hadithi za "kule kisiwani", yaani Mombasa. Nikamuuliza alivukia wapi. Kuvuka nini? Alishuka kwenye treni Miritini, akachukuliwa na gari, akapitia barabara ya Dongo Kundu, isiyogusa kisiwa, hadi Diani. Wiki nzima hakukanyaga kisiwa! Miritini ni bara, na Diani hata si Kaunti ya Mombasa, ni Kwale.

Sisi wa Nairobi pwani yote tunaiita Mombasa. Wenyewe hawachanganyi. Anayetoka Likoni kwenda mjini anajua amevuka, maana amebanana na watu kwenye feri.

Lakini nina neno litakalowaudhi watu wa Mvita, jina la kale la Mombasa. Kwa miongo mingi Mombasa ilikuwa rasi inayojiita kisiwa. Pale Makupa, mkondo unaokutanisha hori ya Tudor na ile ya Port Reitz ulizibwa kwa tuta ili barabara ipite. Ukitoka Changamwe uliingia mjini juu ya nchi kavu, na maji ya pande mbili hayakupata njia ya kuamkiana. Mpaka 2022, madaraja yalipofunguliwa mahali pa tuta. Kwangu mimi huo ndio mwaka Mombasa ilirudishiwa ukisiwa wake, na sikusikia hata ngoma moja ikipigwa.

Ziwa Victoria nako yalikuwa hayo hayo. Miaka ya 1980 Rusinga iliunganishwa na Mbita kwa tuta. Watu wakafurahia gari, ila maji yakatuama. Sasa pana daraja. Hapo ndipo ninapogombana na wanaosema barabara ni barabara: daraja humvusha mtu na maji yakapita zao, tuta humjali mtu peke yake.

(Naivasha kuna kituko kingine, kile kisiwa cha Crescent, ukingo wa kasoko ya volkano iliyozama. Ziwa likipungua unakiendea kwa miguu, likijaa unatafuta mashua. Mwalimu wangu wa jiografia angekitia wapi?)

Jirani nimemweleza yote haya. Ameguna, akasema Desemba atavuka Likoni, mradi nauli ya feri nilipe mimi. Nimekubali haraka sana. Hajui kwamba kwa miguu ni bure.