Twendeni Matembezi, Ndio. Mkoba Abebe Nani?

Hakuna anayejua kupanga matembezi ya Idd kama mtu asiye na mtoto. Utamkuta kibarazani, mguu juu ya mguu, mahamri ya tatu mdomoni, anatoa ratiba: asubuhi magofu ya Gede, kisha mashua ya sakafu ya kioo, halafu mnara wa Vasco da Gama, alasiri tukatazame korongo la Marafa. Siku moja! Vasco mwenyewe alipotia nanga Malindi mwaka 1498 alikaa zaidi ya wiki, na wala hakuwa na mtoto wa miezi saba kifuani.

Hesabu ya kweli, yakhe, ni hii. Ukiwa na mtoto mchanga mmoja na mwingine wa miaka miwili, una masaa matatu ya raha, basi. Yaliyobaki ni kufunga mizigo, kushuka na kupanda, kubadilisha nepi na kutafuta kiatu cha upande mmoja. Masaa matatu yakiisha atalia mtu, na si lazima awe mtoto. Kwa hivyo chagua mahali pamoja, tena pa karibu. Atakayenuna anune, ana miguu yake.

Gede ni kuzuri, sikatai. Ni kilomita kama 16 kusini mwa mji, mibuyu mikubwa, kivuli tele, na tangu 2024 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lakini njia zake ni za mchanga na mizizi. Kile kigari cha mtoto mlicholetewa zawadi, chenye magurudumu madogo kama vifungo vya koti, kitakwama kabla hujafika kwenye ukuta wa kwanza, nawe utakibeba begani na mtoto ndani yake. Mtie mbeleko umalize. Yule wa miaka miwili mshike mkono muda wote, kwani mji ule wa kale una visima, na mtoto na kisima wanaitana. Halafu kuna kima. Kima wa Gede wamezoea wageni, hawaogopi wala hawaoni haya. Mtoto akitembea na ndizi mkononi, jua ile ndizi si yake tena. Chakula kiwe ndani ya mkoba wa zipu, mleni kabla ya kuingia au baada ya kutoka.

Wengi wetu tunaishia baharini, na hapo ndipo pana kichefuchefu cha kupanga. Watu husema "twende baharini" kama vile bahari iko pale pale siku zote. Idd ya Mfungo Mosi, ile ya baada ya Ramadhani, huja na mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo huja na bamvua. Maji hukupwa sana na kujaa sana. Idd Mosi hukupwa kama saa tano asubuhi, na kwa kuwa kila siku huchelewa, Idd Pili yanaelekea saa sita. Sasa tazama balaa: bahari inapendeza saa sita, jua linaunguza saa sita, na mtoto wa miaka miwili analala saa sita. Saa sita hizo zote tatu zikigongana, anayepigwa ni wewe.

Dawa yake ni kufika saa tatu asubuhi, maji yakiwa bado yanateremka, na kuanza kukunja mkeka saa tano na nusu hata kama wenzenu ndio wanashuka kwenye tuktuk. Watakucheka. Waache, saa saba watakuwa wanabembeleza. Idd ya Mfungo Tatu, ile ya kuchinja, ni mambo mengine. Ile huangukia siku ya kumi ya mwezi mwandamo, maji yanakaribia kuwa mafu, hayapwi sana wala hayajai sana, kupwa ni alfajiri na adhuhuri yamejaa. Hapo ukitaka vidimbwi vya kuchezea toka saa moja asubuhi, ama uache bahari uende kwa shangazi.

Na ukiona maji ya ghuba ya mjini yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, usimlaumu mtu. Ni Mto Sabaki umeshusha udongo wa bara baada ya mvua, na upepo wa kaskazi unausukuma huku kwetu. Siku hiyo mashua ya kioo utalipa kutazama kioo.

Haya, mkoba. Kila nyumba ina mtu anayesema "tubebe vichache tu", na huyo ndiye wa kwanza kuuliza "hamkubeba tishu?" Nepi hesabu moja kwa kila masaa mawili, kisha ongeza tatu, maana tumbo la Idd limekula pilau, kaimati na sharubati za nyumba nne. Nguo za kubadilisha, seti mbili kwa kila mtoto na shati moja la baba. Ndio, la baba. Anayetapikiwa ni anayebeba. Leso nne: moja ya kutandika, moja ya kivuli, moja ya mama kujifunika akinyonyesha, na moja ibaki kavu kabisa mpaka mwisho, itakuwa na kazi.

Nepi chafu zitakwenda wapi? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 2017, na ile ya kufungia nepi moja moja kila mtu anadai mwenziwe ndiye amebeba. Chukua mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, ule wa kilo mbili wenye kifuniko cha kubana. Hauvuji, haunuki, na hakuna jamaa atakayeufungua akidhani ni biriani, kwani utakuwa umeuandika ubavuni kwa herufi kubwa. Andika kweli, usidharau. Siku ya Idd watu hufungua kila chenye kifuniko. Mkiingia hifadhi ya bahari pale Casuarina, jueni pia kwamba chupa za maji za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za taifa tangu Juni 2020. Maji yabebeni kwa chupa za kurudi nazo.

Maziwa sasa. Anayenyonya ana raha yake, jiko liko na mama. Anayepewa ya unga ndiye mwenye vyombo. Usikoroge chupa tatu asubuhi ukazipanga mkobani kama soda. Maziwa yaliyokwisha kukorogwa yanataka kunywewa ndani ya masaa mawili, na mtoto akishaanza kunyonya chupa, lisaa limoja tu, yaliyobaki mwaga. Usimpe baba, ingawa atataka. Beba maji yaliyochemka ndani ya chupa ya chai nzuri inayoshika moto, na unga uliopimwa kwenye vikopo vikavu, kikopo kimoja kwa chupa moja. Maji yawe bado ya moto sana, nyuzi 70 au zaidi, kwa sababu unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu na moto huo ndio unaoviua. Kisha iweke chupa kwenye kikombe cha maji baridi, tone moja kwenye kifundo cha mkono, ukiona halichomi mpe. Chupa ile ya chai isiwe ile iliyotiwa kahawa ya tangawizi jana. Mtoto atajua.

Bibi atataka kumpa yule mchanga dafu, "anasikia kiu, masikini, tazama midomo". Kama hajatimiza miezi sita, hapana. Maziwa yana maji ya kumtosha hata joto la Machi, anyonyeshwe mara nyingi zaidi tu. Mwambie bibi kwa adabu, mshike mkono, kisha dafu linywe wewe mbele yake ili lisiharibike.

Gauni la Idd nalo! Neti, vishanga, shela, linamkwaruza mtoto shingoni, na kile kishanga kinachong'aa, baada ya saa moja kitakuwa mdomoni. Piga picha nyumbani, wote, pamoja na bibi, kisha mvue. Baharini avae pamba nyepesi ya mikono mirefu na kofia yenye ukingo. Mafuta ya kukinga jua ni ya waliotimiza miezi sita. Wapake kabla ya kutoka nyumbani, urudie kila masaa mawili na kila wakitoka majini. Aliye chini ya hapo kinga yake ni kivuli. Na msifunike kigari kizima kwa leso mkidhani mnamstiri. Hewa haipiti, ndani kunakuwa tanuri. Kwenye mbeleko pia uso wake uuone, kidevu kisilale kifuani.

Mashua ya kioo. Malipo ya KWS, shirika la wanyamapori, hupitia mtandao wa serikali wa eCitizen, kwa hivyo yamalizeni nyumbani usiku, si langoni huku mtoto anakunyang'anya simu anataka katuni. Hifadhi ile imekuwepo tangu 1968, samaki hawana haraka. Jaketi la kuokolea la mtoto lisome lebo, limeandikwa uzito. Mvalishe, lifunge, kisha livute juu mabegani. Likimfika masikioni si lake, majini litabaki lenyewe juu na yeye chini. Nahodha atasema "hakuna matata, bahari shwari". Bahari shwari haifungi mikanda. Pasipo jaketi la kumwenea, mtoto haendi, na yule mchanga haendi kabisa. Disneyland kule Marekani, iliyofunguliwa 1955, wana utaratibu wao: mzazi mmoja anapanda, mwenzake anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Huku kwetu utaratibu huo ni kuamua nyumbani nani atatangulia, na aliyetangulia arudi. Wanaume, arudi.

Na msitegemee mengi. Yule wa miaka miwili atatazama samaki dakika tano, ya sita atataka kusimama juu ya kioo, ya saba atasema "nyumbani".

Ufukweni tandikeni mkeka juu ya ule mstari wa mwani mkavu, kwa sababu bamvua likirudi halibishi hodi. Kidimbwi cha kumfika magotini kinatosha kucheza, na pia kinatosha kuzama. Ubaya wa kwenda watu wengi ni kwamba kila mmoja anaamini mwenzake ndiye anayemtazama mtoto. Mama anajua yuko na baba, baba anajua yuko na shangazi, shangazi anakaanga viazi. Tafuteni kofia moja mbaya, ya kuchekesha. Aliyeivaa ndiye wa zamu, robo saa, umbali wa mkono, simu mfukoni, hapigi soga. Zamu ikiisha anamvika mwingine kwa mkono na kumtaja jina. Baba zima na kofia ya maua ya waridi, hakuna atakayesema hakuona nani alikuwa wa zamu.

Nepi ya kawaida usimwingize nayo majini. Inakunywa, inavimba, inashuka magotini, na ikipasuka inatoa vile vijipunje laini kama ute, vinanata kwenye mapaja, kwenye leso na kwenye ndevu za aliyembeba. Mvue, mvalishe chupi ya kubana au nepi ya kuogelea. Ile ya kuogelea haizuii mkojo, kazi yake ni kushika kile kizito, kwa hivyo ivaliwe mkifika, si kwenye tuktuk. Niulizwe kwa nini nepi ya kuogelea inauzwa ghali kuliko ya kawaida ilhali inafanya nusu ya kazi, sina la kusema.

Wachuuzi watapita na mabuyu, karanga, korosho, mihogo ya pilipili. Kokwa la ubuyu ni la ukubwa ule ule wa kuziba koo la mtoto mdogo, na karanga vile vile. Binamu wakubwa watamgawia kwa huruma, basi wakanyeni wao, si yeye. Mletee viazi vya kuponda, ndizi na yai la kuchemsha. Na mwandikie nambari ya simu mkononi kwa kalamu ya wino, mpige picha akiwa na nguo za baharini. Siku ya Idd watoto wa mtaa mzima wameshonewa kitambaa kimoja, ukisema "amevaa nyekundu" utaletewa watano.

Kurudi ndipo leso kavu inapofanya kazi. Mchanga ukiwa umelowa usiusugue, unachubua. Subiri ukauke kivulini, upangusie kwa leso, unadondoka wenyewe. Mikunjo ya mapaja na shingo osha kwa maji safi kabla ya kufunga nepi, la sivyo usiku mzima mtaimbiwa.

Tuktuk inachukua watatu nyuma, mnaijua, na mko sita na mkebe. Chukueni mbili. Mtoto akae katikati, si upande ulio wazi, mkoba miguuni. Atalala. Atalala dakika tatu kabla ya kufika nyumbani, injini ikizimwa atafumbua macho, na ule usingizi wa masaa mawili uliokuwa wake umeisha. Kwa hivyo patana na dereva mapema: akishalala, zunguka. Pita njia ya lami, epuka matuta, rudi polepole. Dereva atakuongezea nauli na atakuwa na haki. Lipa. Na huko kibarazani, yule wa mahamri amekwisha kupanga Idd Tatu twende Watamu.