Dera, Kipaza Sauti na Usingizi wa Saa Saba

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja, ambaye simtaji kwa sababu bado ana deni langu, ameshatuma sauti ndefu katika kikundi cha chama akieleza kwamba nilionekana mtaani Umoja, Nairobi, nikicheza densi kwenye roshani huku nimevaa nguo ya mke wangu, imenibidi niandike mwenyewe kabla habari haijafika kijijini. Densi haikuwepo. Kuhusu nguo, tulieni, tutafika.

Mke wangu amerudi kazini. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye mshahara, naye aliiunganisha na likizo yake ya mwaka, lakini zote mbili zilikwisha, na kwa vile mimi hufanyia kazi nyumbani, ikaamuliwa nikiwa bafuni kwamba nitashinda na mtoto hadi msaidizi apatikane. Mtoto ana miezi minne. Nilimchorea ratiba ya mchana kwa kalamu za rangi: maziwa, mchezo, usingizi, kisha maziwa tena, kwa kuwa mtoto wa umri huo huanza kuchoka akikaa macho saa moja na nusu hadi mbili. Maziwa ni ya mama, yaliyokamuliwa na kuwekwa kwenye friji, maana hadi afikishe miezi sita haruhusiwi kuonja kingine chochote, hata maji. Nilijua pia kwamba chupa hupashwa moto ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu na haiwekwi motoni. Mtu anayejua haya yote hakustahili yaliyompata.

Shida ilikuwa chupa yenyewe. Mtoto alikuwa akinyonya vidole na kugeuza kichwa huku na huku, ambazo ni dalili za njaa kabla kilio hakijaanza, lakini kila nilipomkaribishia chupa alinitazama usoni, akaninusa, kisha akafumba mdomo. Nesi wa kliniki alikuwa ametushauri kwamba mtoto akikataa chupa, anayemlisha ajitande nguo yenye harufu ya mama, na kwa kazi hiyo mke wangu aliniachia leso. Leso hiyo ilitapikiwa mapema asubuhi. Nguo pekee iliyobaki na harufu ya mama ilikuwa dera alilolala nalo usiku, na dera, kama mjuavyo, halijitandwi bali huvaliwa.

Nikalivaa. Mtoto akamaliza chupa yote bila kupumzika. (Wanaume mnaocheka, nawasubiri mpate wa kwenu.)

Usingizi wa saa saba mchana ndio uliokuwa umenishinda juma zima, kwa sababu saa hiyo ndipo mnunuzi wa vyuma kuukuu hupita chini ya jengo letu na mkokoteni wake na kile kipaza sauti kinachorudia maneno yale yale hadi betri iishe. Nilikuwa nimemwomba akizime akifika kwetu, nikampa na hamsini ya chai. Siku hiyo nilijihami zaidi: nilizima sauti ya simu, nikang'oa betri ya kengele, nikafunga mlango kwa komeo la ndani ili hata mwenye ufunguo asiingie, na nje nikabandika kipande cha katoni kilichoandikwa: MTOTO AMELALA. HODI ZOTE BAADA YA SAA NANE. Nikamlaza mtoto chali kwenye kitanda chake, bila mto wala blanketi zito, kisha nikajinyoosha kwenye mkeka pembeni yake nimwimbie kidogo.

Wimbo ulifanya kazi. Ulimlaza mwimbaji.

Niliyasikia baadaye yaliyoendelea huko nje. Mke wangu alipiga simu wakati wa chakula cha mchana kuuliza mtoto amekunywa kiasi gani, akapiga tena, na tena, kisha akampigia mama mboga wa chini. Mama mboga alipanda hadi ghorofa ya tatu, akalisoma tangazo, akatazama saa, na kwa kuwa ni mtu wa heshima, akateremka. Mke wangu alipompigia mara ya pili sauti yake ilikuwa imebadilika. Hapo ndipo alipoitwa msimamizi wa jengo, naye akaja na mtaimbo, na mtaimbo ukaleta watu.

Sasa sikilizeni, maana sehemu hii ndiyo inayonifanya nivute shuka usoni nikiikumbuka.

Katikati ya usingizi nilisikia sauti kubwa ya mwanamume ikisema: "Baba mtoto wa ghorofa ya tatu! Amka! Mkeo anapiga simu!" Kisha, bila hata kupumua: "Vyuma kuukuu, betri kuukuu, redio mbovu!" Akili yangu ilishika sehemu ya pili tu. Nilisema moyoni, huyu mtu amekula hamsini yangu. Niliinuka kwa hasira, nikavuta pazia, nikafungua mlango wa roshani polepole ili usilie, nikatoka kwa ncha za vidole, nikaweka kidole mdomoni na kuwazomea walio chini kwa mnong'ono mkali: "Sss! Mtoto amelala!"

Wakati huohuo upepo ukaingia chini ya dera, likatuna kama tanga la jahazi.

Niliwaona mmoja mmoja. Mnunuzi wa vyuma, kipaza sauti bado mdomoni. Waendesha boda boda waliokuwa wameacha pikipiki zao zikinguruma. Wanafunzi waliotoka kula chakula cha mchana. Mama mboga, kisu mkono mmoja na fungu la sukuma wiki mkono mwingine. Rafiki yangu, ambaye kazi yake huko hadi leo haijulikani. Hakuna aliyecheka, na heri wangecheka. Walinitazama kuanzia kidole kilichokuwa mdomoni hadi upindo wa dera, wakarudi juu taratibu. Na nyuma yangu, kutoka chumbani, mtoto niliyekuwa nikimtetea akapiga kelele moja ya furaha, ya mtu aliyekuwa macho kitambo, akila vidole vya miguu yake.

Niliinua mkono kuwapungia. Sijui kwa nini. Nadhani huo ndio unaoitwa densi.

Mengine ni mafupi. Msimamizi alikuwa ameshaushindilia mtaimbo, kwa hiyo fremu ya mlango nitailipa mimi. Mke wangu alifika kwa boda boda, akamchukua mtoto, akalitazama dera, akasema tu kwamba limenibana mabegani. Komeo limeondolewa kwa amri. Msaidizi anaanza Jumatatu, na ratiba yangu imebanduliwa ukutani ikafungiwa maandazi.

Mnunuzi wa vyuma naye alipita jana, akasimama chini ya roshani na kuniuliza kwa heshima zote kama bado ninataka azime kipaza sauti ifikapo saa saba, kwa sababu bei sasa ni mia moja. Nilishuka kumlipa nikiwa nimevaa suruali, shati na mshipi.