Mita 60 za Mto Matandu

Kila maji yanapopanda Kilwa, neno la kwanza ni lilelile: watu wa mabondeni wahame. Baada ya mafuriko ya Januari 2020, yaliyoua watu mkoani Lindi, waliosema hivyo walikuwa na hoja nzito. Maiti hailimi. Tena Matandu hauna simile: mvua inanyesha Liwale, upande wa juu wa mto, huku chini jua linawaka, na usiku maji yamo ndani.

Lakini anayeuliza "kwa nini wanarudi?" mara nyingi hajashika jembe bondeni. Juu kuna udongo wa ufuta na mikorosho, siyo wa mpunga. Maji yakipungua huacha tope, na mahindi hukua kwa unyevu wake hata mvua zikishakatika. Jirani zetu wa Rufiji kilimo hicho wanakiita mlau. Nao walihamishwa baada ya mafuriko ya 1968, kwa Operesheni Rufiji, wakapangiwa vijiji vya juu. Mashamba yakabaki kulekule chini, na watu wakayafuata.

Halafu kuna kile kipimo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni hatua kama themanini za mtu mzima. Penye kingo zilizosimama, sawa. Kwenye bonde tambarare mto ukifurika hujui hata uanzie wapi kupima, na mwaka wa pili ukingo wenyewe umehama. Mwenye kibanda hatua sabini kutoka mtoni ni mvunja sheria. Mwenye nyumba hatua mia tatu hana kosa, na maji yanamkuta kitandani.

Mimi ningesema nyumba ya watoto ipande juu, shamba libaki. Hata hapo pana kikwazo: nguruwe na nyani hawasubiri, mpunga lazima ulindwe, na mlinzi hulala dunguni, kibanda cha kulindia shamba. Huyo hakuna kiwanja cha serikali kitakachomwokoa. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, kilitangazwa kabla hakijafika pwani, ingawa barabara ya Dar es Salaam ilikatika Somanga. Mvua ya Liwale haipewi jina wala haitangazwi hivyo. Simu ya mtu wa huko, ikiita dunguni kabla maji hayajafika, kwangu ina thamani kuliko vigingi vya mita 60.