Programu za wizi vyuoni: tuanze na anayezidai

Ndugu zangu wa Tanga, naomba tuache kuwaita vijana wa vyuo wezi kabla hatujawauliza nani amewatuma. Mpwa wangu ana ripoti ya utafiti, na msimamizi wake ameagiza uchambuzi ufanywe kwa SPSS, programu ya kulipia ya kuchambua takwimu. Leseni chuo hakijampa, na ya kununua mwenyewe haiwezi. Basi ameishia kwa fundi Ngamiani, amewekewa iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli ya leseni, kutoka kwenye flashi, na kabla ya yote fundi amezima kinga ya virusi, maana bila hivyo haikubali. Kompyuta hiyohiyo ndiyo yenye data zake zote za utafiti!

Huku Kiel, Ujerumani, mwanafunzi akishasajiliwa anapata akaunti ya chuo, na kwa akaunti hiyo anapakua programu ambazo chuo kimeshazilipia. Sisemi Wajerumani ni waaminifu kutuzidi. Wamepunguziwa sababu ya kuiba, basi.

Kwetu sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Lakini ukimkamata mwanafunzi mmoja huku mwalimu anaendelea kudai kitu kisichotolewa, mwakani utamkamata mdogo wake.

Kinachoniuma ni kwamba njia halali zipo, na nyingine ni bure kabisa. PSPP, programu ya bure ya takwimu, inafungua mafaili ya SPSS na inatosha kwa uchambuzi wa kawaida wa ripoti za shahada ya kwanza. R, nayo ya bure ya takwimu, inakwenda mbali zaidi, ingawa inataka uvumilivu. Wa uchoraji wa majengo wanaweza kupata AutoCAD bure wakithibitisha kuwa ni wanafunzi. Microsoft nayo inazipa shule Office ya mtandaoni bila malipo, ila taasisi yenyewe ndiyo inayopaswa kuomba. Mwanafunzi hawezi kuiombea. Kwa hiyo mkuu wa shule asiyejaza fomu hiyo ana sehemu yake katika wizi huu, na nasema hivyo bila kumung'unya maneno.

Wala tusiseme programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili na kuzirekebisha, ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu nzima za kazi za ofisi kwa Kiswahili. LibreOffice ya leo imetoka kwenye ukoo huohuo, na mwaka 2024 serikali ya jimbo hili la Schleswig-Holstein iliamua kuhamishia kompyuta zake kama 30,000 kwenye LibreOffice. Hawa ni watu wenye uwezo wa kulipa!

Eckernförde, mji ndugu wa Tanga, uko humuhumu jimboni. Halmashauri ya Jiji ikiwaandikia ndugu zetu hawa, isiombe kompyuta kuukuu tu. Iombe pia mafundi waje kukaa na walimu wetu wakati wa likizo, mpaka mwalimu akubali kupokea kazi iliyofanywa kwa PSPP au LibreOffice bila kumkata mwanafunzi maksi.